Mgonjwa wa Kusindikiza

Fundi wa makochi aliamua kuugua siku ya Jumatatu, baada ya chai, kwa sababu mke wake alikuwa amekataa kuugua.

Hakuwa mtu wa pupa. Alianza kwa njia za kiungwana. Alimwambia mkewe kwa upole kwamba siku hizi anasahausahau, akajibiwa kwamba mtu aliyejua majina ya watoto wa shule nzima, pamoja na ya wazazi wao na visingizio vyao, ana haki ya kupumzisha kichwa. Akamwambia kwa ukali, akaambiwa ashushe sauti, hapa si gulioni. Mwishowe akamwachia mezani gazeti lililofunguliwa ukurasa wa afya. Mkewe aliusoma wote, akasahihisha makosa kwa kalamu nyekundu, akamrudishia.

Mkewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mkuu, na hata mumewe, aliyemjua kabla hajawa mkuu wa kitu chochote, alimwita Mwalimu. Hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo kuhusu kichwa chake. Kichwa ndicho kilichomtoa kwao, kikampa kazi, kikampa na heshima ya kukaa kiti cha mbele kwenye kila shughuli.

Lakini mambo yalikuwa yamefika pabaya. Mwezi uliopita alitoka asubuhi kwenda kununua uzi, akapitiliza mpaka shuleni kwake kwa zamani, akaingia na kupiga kengele. Shule nzima ikatoka mapumziko wakati somo la kwanza halijaisha. Walimu wa sasa, ambao wengi aliwafundisha yeye, hawakuthubutu kumwuliza kitu. Walijipanga mstari, wakamwamkia. Fundi alipoitwa kumchukua alimkuta katikati ya uwanja akikagua kucha.

"Ukaguzi wa kushtukiza," alimweleza njiani. "Wamelegea sana."

Baadaye kidogo akaletwa nyumbani na dereva wa lori la maji, mtu asiyewajua hata kwa sura, aliyemkuta amesimama mbele ya duka la viatu akingoja lifunguliwe. Duka lilikuwa wazi. Dereva alisema alingoja naye kidogo kwa adabu, kisha akaona hapana.

Ndipo fundi alipokwenda kwa muuguzi aliyekuwa jirani yao, mwanamke mwenye maneno machache, akamweleza yote.

"Kusahau kuna sababu nyingi," muuguzi alimwambia. "Kuna maji kujaa kichwani, kuna damu kuvuja na kuganda, kuna uvimbe, kuna upungufu wa vitamini. Hayo yana matibabu, yakiwahiwa. Halafu kuna ubongo kuchakaa wenyewe. Huo hauponi, ila unaweza kupunguziwa kasi na mtu akajipanga. Lakini mpaka apigwe picha ya kichwa. Bila picha mtakuwa mnabahatisha."

Fundi alirudi nyumbani na neno hilo. Maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kochi kwa kubahatisha. Kochi linalobonyea huweza kuwa spring, huweza kuwa mkanda, huweza kuwa mbao iliyoliwa na mchwa, na huwezi kujua mpaka ulivue kitambaa. Lakini kochi halikatai kuvuliwa.

Basi akaugua yeye.

Alianza kwa kuvaa viatu kinyume. Akaiita nyundo "kile kidude cha kupigia". Akamwuliza mkewe mara tatu mchana mmoja kama mvua imenyesha, na hapakuwa na wingu. Mwalimu Mkuu alimtazama kwa macho yale ambayo zamani aliwatazamia watoto wa darasa la kwanza waliojikojolea, akapata nguvu mpya. Alichangamka. Alimwekea maji ya kuoga, akamfunga vifungo, akampigia simu binti yao aliyeolewa mji mwingine.

"Baba yako kichwa kimeanza kumtoka," alimwambia. "Lakini usilie, nipo mimi."

Binti alilia. Fundi aliyasikia hayo akiwa sebuleni, amejitia hamnazo kwenye kochi, na moyo ulimuuma. Lakini maji alishayavulia nguo. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Mkuu alimpeleka kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alikwenda naye mwenyewe, bila kubembelezwa. Nani mwingine angemjibia?

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na viatu vya kukimbilia.

"Shikamooni wazazi wangu. Mgonjwa ni nani?"

"Marahaba. Ni huyu," alisema Mwalimu Mkuu, akimsukuma mumewe kidogo mbele. "Mimi ni msindikizaji."

"Mzee, leo ni siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi. Fundi alijikuna shingo. "Jumapili?"

"Jamani, baba watoto!" Mwalimu Mkuu aliingilia kwa huruma. "Leo Jumanne."

Daktari alichukua kalamu. Aliandika.

"Mzee, nichoree saa ya ukutani. Weka namba zote, kisha weka mishale, iwe saa tano na dakika kumi."

Hapo fundi alipata shida ambayo hakuitarajia. Mkono wake ulikuwa umechora na kukata maduara ya mito na vigoda tangu ujanani. Alijitahidi kuchora duara la mgonjwa, likatoka duara la kupimia wengine. Alikasirika, akaanza kutupa namba ovyo humo ndani, sita juu, tisa kwenye kona, na duara halina kona.

"Toa hapa," alisema Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwahi katika maisha yake kutazama kazi mbovu ikiendelea. Akavuta karatasi nyingine. "Hivi ndivyo saa inavyochorwa. Namba zinafuatana. Moja, mbili, tatu..."

Aliandika namba zote kwa mwandiko mzuri kuliko wa vitabu. Zote zilikaa upande wa kulia, zimebanana kama abiria wanaokimbia mvua. Upande wa kushoto ulibaki mweupe. Aliitazama saa yake. Aliitazama muda mrefu.

"Kalamu yenu mbovu," alisema, akaomba kuonyeshwa maliwatoni.

Mlango ulipofungwa daktari alivua miwani.

"Mzee. Duara lile halichorwi na mtu mwenye ugonjwa unaoutafuta."

"Mkono umezoea tu, mwanangu."

"Mgonjwa ni nani?"

Fundi alitazama dari. Ilikuwa na baka la maji, umbo kama sufuria. Kisha akaeleza yote kwa sauti ya chini, ya kengele na ya duka la viatu.

"Sitamdanganya," daktari alisema. "Akirudi nitamwambia wazi kwamba nataka kumpima na yeye. Akikataa, amekataa. Kichwa ni chake."

"Atakataa."

"Basi tutakuwa tumemheshimu."

Daktari alimwambia wazi, kwa maneno mazuri. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mkoba.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nawaita wazazi shuleni kuhusu watoto wao. Hakuna mzazi niliyempa mtihani."

"Hapa tunawapa, mama. Vipimo vya damu, na picha ya MRI ya kichwa. Mashine haiumi wala haina mionzi. Ni kulala tu na kutulia."

"Kutulia najua. Nilikuwa nafundisha." Alimgeukia mumewe, na fundi akajitahidi kuonekana hajui yuko wapi. "Sawa. Ili huyu asiogope. Aingie yeye kwanza, akitoka salama nitaingia mimi. Asipoingia yeye, siingii. Siwezi kumtangulia mgonjwa kwenye ugonjwa wake."

Daktari alishusha pumzi, akaandika maombi ya picha mbili. Fundi alitoka pale na furaha ya mwizi.

Siku ya kupigwa picha, Jumanne iliyofuata, waliingia ghorofa ya chini ya hospitali, kwenye ukumbi wa baridi wenye viti vya plastiki na mlango mzito wenye alama ya sumaku. Mpiga picha alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya kutangaza mpira. Alikuwa na maswali ya kumwuliza kila anayeingia, na aliyauliza kama mtu aliyewahi kujibiwa uongo.

"Mzee, una kifaa cha moyo kifuani?"

"Sikumbuki," alisema fundi.

"Umewahi kupigwa risasi?"

"Sikumbuki."

"Risasi hukumbuki?" Mpiga picha alimtazama Mwalimu Mkuu. "Mama, naona nikuulize wewe. Huyu ana chuma chochote mwilini? Popote? Hata kidogo?"

"Huyu? Hana," alijibu Mwalimu Mkuu bila kusita. "Meno yake mwenyewe, magoti yake mwenyewe. Mwingize."

"Nauliza sana kwa sababu mashine hii ni sumaku, na haizimwi. Iko kazini hata sikukuu. Mfagiaji mmoja aliingia na ndoo ya bati, mpaka leo ndoo ipo stoo, imekunjwa kama bahasha. Chuma kilicho ndani ya mtu ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinatafuta njia ya kutokea."

Fundi hakuhitaji kuelezwa sumaku. Nyundo ya fundi wa makochi ina sumaku kichwani. Fundi hujaza vimisumari mdomoni, anavisukuma kwa ulimi kimoja kimoja mpaka kwenye midomo, nyundo ikikaribia tu kimsumari kinaruka chenyewe kwenda kunasa juu yake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Alijua jinsi msumari unavyoondoka ukiitwa na sumaku. Hauombi njia.

Na alikuwa na msumari tumboni.

Akisema, haingii, na asipoingia, Mwalimu haingii. Alimjua mke wake, sharti lake ni sharti. Alifikiri, kwa uaminifu kabisa, juu ya kuingia nao. Pengine ulishaoza. Pengine umelala vizuri mahali. Alikuwa amekwisha kunyanyua mguu kuelekea mlangoni alipojiwa na swali jingine: yeye akifia humo ndani, siku Mwalimu akipiga kengele tena, shule itampigia nani simu?

Akashusha mguu.

"Nina msumari," alisema.

"Wa wapi?" aliuliza mpiga picha.

"Tumboni. Msumari wa kochi, ule mfupi wenye kichwa cha bapa."

"Umeupataje?"

"Nilikuwa naufunika upya mgongo wa kochi jekundu la hakimu, lile la miguu ya simba. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba, mwaka ule wa mafuriko. Hakimu mwenyewe akaingia akasema 'Hujamaliza tu?' kwa nguvu, nikashtuka, nikameza. Hospitali waliupiga picha wakauona, wakasema utatoka wenyewe kwa njia ya kawaida. Haukutoka."

"Unajuaje haukutoka?"

"Tulitazama."

"Mlitazama? Nyie akina nani?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Fundi alimgeukia. Hakukuwa na namna ya kulisema hilo kwa uzuri.

"Mimi na wewe. Yaani wewe. Ulisema mimi sina jicho la kusahihisha. Ulitazama kila asubuhi, wiki nzima na zaidi. Na kijiti."

Nyuma ya mlango mashine ilikuwa ikipumua kama mtu aliyebanwa pua.

"Leo ni siku gani?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Jumanne."

"Jana nani alipiga simu?"

"Binti yetu, mara mbili. Mara ya pili alitaka kujua kama naweza kula mwenyewe."

"Wewe si mgonjwa."

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Sijawahi."

Mpiga picha alikohoa, akasema anaweza kutoka kidogo kama wazee wanataka kuzungumza. "Kaa hapo hapo," aliamriwa, akakaa.

"Viatu kinyume," alisema Mwalimu Mkuu. "Mvua. Kile kidude cha kupigia. Nimekufunga vifungo siku zote hizi, mtu mzima na ndevu zake!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimemliza mtoto kwenye simu."

"Najua. Nilisikia."

Alitegemea kutukanwa, na alikuwa tayari. Alikuwa tayari hata kurudi nyumbani kwa miguu. Lakini mkewe hakuwa akimtazama yeye tena. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Na kijiti," alisema polepole.

"Cha ufagio. Ulikichonga ncha."

"Wiki nzima."

"Na zaidi."

"Hilo si jambo la mtu kulisahau."

Fundi alitafuta jibu la kumfariji, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua hakupata uongo wowote.

"Hapana," alisema. "Si la kusahau."

Mwalimu Mkuu aliweka mkoba chini. Kisha akainua mikono, akaanza kuvua hereni. Akavua saa. Akavua bangili. Akachomoa pini za nywele moja baada ya nyingine, na kila moja aliiweka kwenye kiganja cha mumewe, mpaka kiganja kikajaa.

"Shika," alisema. "Na usimeze."

Akamgeukia mpiga picha. "Mimi sina chuma. Lakini usiniamini. Mwulize huyu."

"Hana," alisema fundi. "Huyo ninamjua mwili mzima."

Mlango mzito ulifunguka, ukafungwa. Fundi alibaki nje na pini zake. Baada ya muda mashine ilianza kugonga, kwa fujo, kama fundi asiyejua kazi aliyepewa nyundo mbili. Halafu ikanyamaza, halafu ikakoroma, halafu ikagonga tena. Katikati ya kelele alisikia sauti ya mpiga picha kwenye kipaza sauti ikisema, "Mama, usitikisike," na sauti ya mbali ikijibu kwamba aliyetikisika ni yeye mwenye kipaza sauti.

Majibu yalipatikana wiki iliyofuata. Daktari alizifungua picha kwenye skrini mbele yao. Kilikuwa kichwa cha Mwalimu Mkuu kimekatwa vipande vyembamba kama mkate, vya kijivu, kimoja nyuma ya kingine, na daktari aliwapitisha kutoka utosini mpaka shingoni na kurudi.

"Nianze na ambayo hayapo," alisema. "Hakuna maji yaliyojaa. Hakuna damu. Hakuna uvimbe. Na damu tuliyopima iko vizuri."

Fundi, ambaye usiku na mchana alikuwa ameomba yawe maji, aliinamisha kichwa.

"Sasa tazameni hapa, pembeni, usawa wa masikio. Kuna sehemu ndogo kila upande, inayopokea mambo mapya na kuyatunza. Kwako, mama, zimesinyaa. Zote mbili. Na huku juu mikunjo imeachana kuliko inavyotakiwa kwa umri wako. Picha peke yake haihukumu mtu. Lakini nikiiweka pamoja na ile saa, na yale aliyonieleza mzee, naona ni ugonjwa wa Alzheimer. Uko mwanzoni."

Mwalimu Mkuu alivuta kiti karibu na skrini, akaikagua picha kama anavyokagua daftari la mtu anayemshuku.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Ni nafasi. Ni maji ya kawaida ya ubongo, yamechukua pahali ambapo ubongo umepungua."

"Kwa hiyo fuvu ni lile lile, cha ndani ndicho kimepungua." Hakugeuka. "Fundi, sema tu. Nakuona unataka kusema kochi."

"Sijasema kitu."

"Sema."

"Sponji ikichoka," alisema fundi, "kitambaa kinabaki saizi yake, na ndani panakuwa na nafasi."

"Na mnafanyaje?"

"Tunaweka mpya."

"Mwanangu, nyie mnazo mpya?"

"Hatuna, mama," daktari alisema. "Tuna vidonge vya kusaidia kidogo. Tuna utaratibu: mambo yale yale, saa zile zile, mahali pale pale. Na usitembee mbali peke yako. Mwakani tutapiga picha nyingine, tuilinganishe na hii."

"Mtihani wa marudio," alisema Mwalimu Mkuu. "Sawa."

Alimshukuru daktari. Alimwambia mwandiko wake hausomeki na ajirekebishe, akatoka ameshika mkoba kwa mikono miwili. Walikaa kwenye benchi la nje, karibu na bomba ambalo wagonjwa walikuwa wananawia. 

"Nilikuwa nawaza," alianza fundi, "kwamba naweza kuendelea kuumwa mimi. Watu wameshazoea. Wewe hutasumbuliwa."

"Wewe kuumwa hukujui," mkewe alimjibu. "Umeniaibisha. Mgonjwa gani anasahau siku lakini hajawahi kusahau chai? Ningekuwa na akili zangu zote ningekukamata siku ya kwanza."

Aliposema hivyo alicheka, kicheko kifupi cha puani. Fundi hakujua kama ana ruhusa ya kucheka. Akacheka kidogo, kwa tahadhari.

Simu ililia kwenye mkoba. Alikuwa binti yao. Fundi alinyoosha mkono kuipokea, mkewe akauondoa mkono ule kama anavyoondoa mtoto njiani.

"Ndiyo, tumetoka kwa daktari. Sikiliza na usinikatize. Picha yangu imetoka. Yangu, ndiyo, nami nilipigwa. Ubongo wangu umeanza kusinyaa. Ni ugonjwa, una jina, baba yako atakutamkia. Hapana, sijachanganyikiwa, ndiyo maana nakwambia leo. Njoo Jumamosi. Lete watoto. Usije na uso wa msiba, na usianze kunikatia nyama. Haya. Kaa salama."

Akakata simu, akaishika mapajani. Alitazama watu waliokuwa wananawa.

"Kuna nililosahau?" aliuliza.

"Hakuna."

"Fundi. Huo mchezo umekwisha."

"Limebaki moja," alikubali. "Hukumwambia kwamba mimi mzima. Mtoto sasa anajua wazazi wote wawili wameharibika."

Mwalimu Mkuu alilifikiria hilo kwa makini, kama mtu anayeamua juu ya likizo ya shule nzima.

"Tutamwambia Jumamosi," alisema. "Mpaka hapo nisiwe peke yangu."

Fundi akasema sawa. Akainuka, akamshika mkono, wakaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani. Muuguzi mmoja aliyewapokea siku ya kwanza aliwapita getini, akamwuliza Mwalimu Mkuu mgonjwa wake anaendeleaje, na Mwalimu Mkuu akamjibu kwamba anajitahidi.